Siku Tuliyotembezwa Kisiwani

Al Mansoura, Doha
Ijumaa, mwezi wa nne

Kwako mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikitumaini kwamba baridi ya huko Wundanyi imekuonea huruma mwaka huu na lile goti halikusumbui tena unapoteremka kwenda kisimani. Mvua imefika? Yule ng'ombe mwekundu amezaa salama? Mimi ni mzima wa afya. Joto la huku limeanza kuuma, lakini ninakula na ninalala, kwa hiyo jambo hilo lisikukoseshe usingizi.

Barua hii inakufikia kwa mkono wa Njenga, dereva ambaye tunasali naye kanisa moja. Amepata likizo na atapitia huko akielekea kwao Taveta. Mpe chai na umpe kiti kizuri, maana amekubali kuzunguka mlima wote kwa ajili yangu. Nimemwomba asimpe mtu mwingine yeyote barua hii, hata Baba Mdogo Cornelius. Najua utasononeka kusoma hivyo. Lakini kila nikipiga simu, Baba Mdogo huichukua, huiweka sauti ya juu, na ninachokisema humfikia yule ajenti wa Voi aliyetuleta huku kabla jua halijazama. Ajenti naye humpigia Madamu, mwajiri wetu. Ndiyo maana miezi hii yote nimekuwa nikikwambia tu kwamba Peninah ni mzima na usubiri. Nilisikia Baba Mdogo alivyosimama mbele ya waumini akasema binti yako mdogo ametoroka na baharia. Nilisikia pia kwamba tangu siku ile unakaa benchi la nyuma. Mama, hakuna baharia. Nitakueleza siku yenyewe ilivyokwenda, nawe utajua mwenyewe pa kukaa.

Unakumbuka kwamba mimi na Peninah tulikuwa nyumba moja kule Muaither, kwa familia ya yule mhandisi. Wao pia si wenyeji wa Qatar. Wamekuja kutafuta maisha kama sisi, ila wao walikuja wakiwa wamelala kwenye viti vya mbele vya ndege. Mimi nilikuwa wa jikoni na usafi. Peninah alikuwa wa watoto, hasa Olivia, yule wa mwisho, ambaye alimpokea akiwa bado anavaa nepi na sasa ana miaka minne. Mwaka wa tatu ulikuwa umeingia Peninah hajaona nyumbani. Kila alipoomba likizo, Madamu alimwambia angoje Ramadhani ipite, angoje shule zifunguliwe, angoje safari ya meli ya watalii. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana safari ya meli ikafika, nasi tukachukuliwa kwa ndege hadi ng'ambo ilikoanzia, maana Madamu alisema hawezi kupumzika watoto wakiwa mikononi mwake.

Watu waliniambia nina bahati. Chumba chetu kilikuwa chini kabisa ya meli, hakina dirisha, ukutani unasikia mashine za kufulia usiku kucha. Juu kulikuwa na meza za chakula zisizo na mwisho, na mimi, uliyenilea nikiramba sufuria, nilishindwa kula. Niliona mtu mzima akijaza sahani kamba wa baharini, akila mmoja, na kuzima sigara katikati ya waliobaki. Niliona mama na mtoto wakirushiana vipande vya keki. Mafuta ya jua waliyojipaka yalikuwa yananuka hadi kwenye mkate. Jioni moja Madamu, akiwa na furaha zake, akamwita Peninah na kumweleza kuwa amekwisha kumwongezea mkataba kwa miaka miwili mingine, kama anayempa zawadi. Peninah akatabasamu, akasema, "Asante, Madamu." Nilitazama pembeni, Mama. Nilimwonea dada yangu kinyaa na nikajichukia kwa kukiona.

Kesho yake tukafika kisiwa ninachotaka kukueleza. Jina lake lina herufi nyingi zisizotamkwa, kwa hiyo sitajisumbua kuliandika. Kutoka melini ni kizuri, sikatai: milima ya kijani kama yetu, ukungu juu, na nyumba ndogo za rangi rangi zimeng'ang'ania mteremko. Meli ilitia nanga nje, na watu wakavushwa kwa boti ndogo. Bandarini wageni wote walipita wakipunga mikono tu. Sisi wawili tukasimamishwa. Ofisa akataka kuona pasipoti zetu, mkononi kwa mwenyewe, si kwa bosi. Madamu, ambaye ndiye aliyekuwa amezifungia tangu tulipoingia kazini, akanung'unika, akazitoa kwenye pochi na kutukabidhi. Tulipogongewa mihuri akatuambia tukae nazo hadi tukirudi melini, kwa sababu hakutaka kubeba mzigo siku nzima. Kitabu chenyewe kilikuwa kimekwisha kunukia manukato yake.

Tukapakiwa kwenye gari la wazi na kiongozi wa watalii, mtu mweusi kama sisi, mwenye kofia ya makuti na kipaza sauti. Alikuwa na mzaha kwa kila kitu. Tulipowapita wazee wamekaa barazani, alisema watu wa kisiwa hiki ni wavivu, kazi yao ni kulala na kuzaa, na gari zima likacheka. Nilitafuta uso wake kwenye kioo. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaangalia barabara kama mtu anayekariri. Tuliposimama kutazama maporomoko ya maji, watoto wa pale waliwapa wageni maua, na Madamu akatoa karatasi zenye dawa akawapangusa wanawe vidole kimoja kimoja, mbele ya wale waliotoa maua. Kisha akanipa mimi zile karatasi chafu nizishike, kwa kuwa hakuona pipa.

Halafu tukapelekwa sokoni, kwa kile walichokiita kuonja ladha za kisiwa. Mama, ungeshangaa. Ladha zenyewe zilikuwa zetu. Kulikuwa na ndizi mbichi za kuchemsha kwa samaki wa chumvi, kulikuwa na tunda la shelisheli lililochomwa juu ya moto, na mchuzi mzito wa majani ya majimbi uliotiwa nazi. Ile harufu tu ilinifanya nimeze mate, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tupande meli. Mpishi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kilemba cha mistari kichwani, wenyewe walimwita Miss Eudora. Aliwapangia wageni sahani ndogo ndogo mezani, kila moja na jani lake la ndizi chini.

Wageni wakaja wakionja. Mmoja anachovya uma, analamba, anakunja uso na kutema kwenye kitambaa cha karatasi. Mwingine anapiga picha ya sahani na kuiacha ilivyo. Bosi wetu, yule mhandisi, alisema mchuzi ule unafanana na kitu anachokisafisha kwenye bwawa lake la kuogelea, na kijana wake mkubwa akajifanya anatapika. Ilipofika saa ya kuondoka, yule kiongozi wa watalii mwenyewe ndiye aliyepita na ndoo, akamimina sahani zote humo, ndizi, samaki, majani, zikawa uji mmoja. Inzi walitua hata kabla hajamaliza. Miss Eudora alikuwa amesimama pale pale na mwiko wake. Alifuta meza akaanza kupanga sahani za kundi linalofuata.

Sisi hatukuwa tumehesabiwa kwenye wanaoonja. Lakini wengine walipokwenda kununua vikapu, Peninah alibaki nyuma, akakunja mikono ya blauzi na kuanza kumsaidia yule mama kuosha vyombo. Nilipomwita alinijibu kwamba anakuja. Niliwaona wanaongea, vichwa karibu, na Miss Eudora akamlisha kipande cha shelisheli kwa mkono. Nikawaza moyoni kwamba dada yangu sasa amekuwa mtumwa kiasi kwamba akikosa bwana wa kumtumikia atamtafuta hata sokoni. Ndivyo nilivyowaza, Mama, na sikuficha. Alipotufikia nilimwambia anatia aibu. Alitabasamu lile tabasamu lake na kumbeba Olivia.

Kituo cha mwisho kilikuwa shamba la kale la miwa. Nyumba kubwa nyeupe juu ya kilima, kinu cha kusagia miwa, na chini yake vibanda vya mawe walimolala watu waliotekwa huko kwetu Afrika. Kiongozi alieleza mambo ya kuumiza kwa sauti ile ile ya mzaha. Kwenye kila pembe kulikuwa na meza ya pombe ya miwa, na wageni walikuwa wamekwisha lewa. Mmoja alijilaza ndani ya kibanda kimoja akajifanya anakoroma, mkewe akampiga picha. Dukani walikuwa wanauza midoli ya wanawake weusi wenye midomo minene na matako makubwa, na Madamu alinunua miwili ya kuweka chooni.

Nje, kwenye ukuta, kulikuwa na kongwa la chuma lenye mnyororo limetundikwa kwa ajili ya picha. Kongwa nililisoma shuleni tu. Sikujua lina pembe zinazochomoza pande zote ili aliyelivaa asiweze kulaza kichwa. Wageni walijaribu kulivaa, wakasema ni zito, wakacheka. Ndipo Madamu akageuka na kututazama sisi wawili kama mtu anayechagua nyanya. Akasema akilivaa Peninah ndipo picha itakuwa ya kweli.

Nilifungua mdomo. Peninah alinibana mkono kwa nguvu, kucha zikaingia, akapita mbele. Akainama, wakamvisha. Madamu akawapanga watoto pembeni yake, akamwambia Olivia ashike mnyororo. Na dada yangu akatabasamu, Mama. Alisimama kwenye jua lile, chuma kimemkaba shingoni, wageni wamesimama wanapiga picha na simu zao, akawatabasamia wote hadi walipotosheka. Kisha Olivia akamwuliza mamake kwa sauti nyororo kabisa, "Tunaweza kwenda naye nyumbani akiwa hivi?" Watu wakacheka, wakasema watoto bwana. Hata Bosi alicheka.

Peninah alilivua mwenyewe. Alilirudisha kwenye msumari wake polepole, akahakikisha limekaa. Nilikwenda nyuma ya kinu nikatapika maji matupu. Katika yote sijui kilichonitapisha zaidi kilikuwa kipi, lakini siku ile ningeulizwa ningejibu ni lile tabasamu.

Tukarudishwa mjini. Familia ikaenda kukaa kwenye hoteli ya ufukweni kungoja boti ya mwisho, na sisi tukaambiwa tumtembeze Olivia alale, kwa kuwa alikuwa analia kwa uchovu. Nilimfunga mgongoni kwa leso, akasinzia mara moja, mate yake yakawa yananitiririkia shingoni. Peninah aliniongoza hadi nyuma ya soko, penye vyoo vya umma, mahali penye uvundo wa kuziba pua. Nilidhani anataka kujisaidia. Akasimama akanitazama, na uso wake haukuwa na tabasamu lolote. Kwa mara ya kwanza siku ile niliuona uso wa mdogo wangu.

Akaniambia, "Mimi sirudi, Jerusha. Nimemaliza."

Sikuelewa. Akanieleza haraka haraka, kwa Kitaita, kwamba alikata shauri usiku ule alipoambiwa mkataba umeongezwa, ila hakuwa na pasipoti. Leo ofisa wa bandari amempa alichokikosa. Alikuwa ameusoma muhuri: unamruhusu kukaa kihalali kwa miezi kadhaa. Miss Eudora, wakati wanaosha vyombo, alikuwa amemwambia msaidizi wake amehamia kisiwa kingine, na nyumbani kwake kuna chumba. Siku nzima aliyoipitisha akitabasamu, alikuwa anahakikisha kwamba Madamu hapati sababu ya kukasirika na kumnyang'anya kile kitabu. Hata kongwa alilivaa kwa sababu hiyo. Kama ningesema lolote pale ukutani, tungerudishwa melini sote wawili palepale.

Kisha akasema, "Kuna vitanda viwili. Twende."

Mama, pasipoti yangu ilikuwa kifuani, ndani ya sidiria. Soko lilikuwa hatua chache tu. Miss Eudora alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake, anajifanya anafagia. Nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikamwambia, "Nina mtoto mgongoni." Ningemweka wapi? Ningemlaza kwenye benchi ya mji wa watu, mtoto wa watu, niondoke? Nilikuwa namchukia yule mtoto saa ile, kwa alilolisema, na pia kwa joto lake mgongoni kwangu. Na huku namchukia, nilikuwa nimeinua ncha ya leso nimemfunika jua.

Peninah alinielewa. Kiatu kimoja cha Olivia kilikuwa kinataka kuanguka. Alikivisha vizuri, akaushika ule mguu kidogo. Alimlea yeye kuliko mama aliyemzaa. Akaniambia nimpeleke kwa mamake, na kwamba nikiulizwa niseme sijui. Hatukukumbatiana, tuliogopa kumwamsha.

Sasa nifikie ninaloona haya kukuandikia. Nilipokaa kwenye boti, Madamu aliuliza Peninah yuko wapi. Boti ilikuwa bado imefungwa. Na Mama, nilitaka kumsema. Ulimi ulikuwa tayari. Sikutaka kumsema kwa uaminifu wowote. Ilikuwa ni wivu tu, kwamba yeye anabaki na mimi narudi kwenye chumba kisicho na dirisha. Nikaona nikisema neno moja tu atakamatwa na tutakuwa wawili tena. Nilikaa na neno lile mdomoni hadi mtu wa boti akaanza kufungua kamba. Ndipo nikasema tumbo lilimsumbua, amewahi boti iliyotangulia. Walipogundua, meli ilikuwa imeng'oa nanga. Niliulizwa na Madamu, nikaulizwa na maofisa wa meli, nikaambiwa niape kwa jina la Mungu, nikaapa kwamba sijui alipo. Baba Mdogo akitaka mtu wa kuombewa kanisani, basi aniombee mimi. Ila uongo ule sijautubu, na sidhani nitautubu.

Tuliporudi Doha, Madamu alipekua sanduku langu, akanichukulia simu kwa siku kadhaa, hakupata kitu. Mkataba wangu ulikuwa unaelekea ukingoni, akaleta mwingine, nikakataa kutia sahihi. Alinishangaa. Alisema wamekuwa wakituona kama watu wa familia. Nilimtazama nikaona anaamini anachosema, na hilo ndilo lililonichukiza kuliko matusi. Sasa nafanya kazi ya kufua kwenye hoteli moja huko Al Sadd. Shuka za wageni zina mambo ambayo siwezi kumwandikia mamangu, lakini nikivua glavu jioni kazi imekwisha, narudi hapa Al Mansoura kwenye chumba ninachokaa na Mwanamkuu, dada mmoja mpole kutoka Unguja, na kufuli la sanduku ni langu.

Peninah yupo kwa Miss Eudora hadi leo. Walikwenda naye ofisi ya uhamiaji, amepata kibali cha kufanya kazi. Usidhani yuko peponi. Mvua inavuja, mbu ni wengi, na wanaume wa barabarani wana maneno machafu kama wa kwingine. Meli zinaleta watu wale wale, wanaonja na kutema, na siku hizi yeye ndiye anayepanga sahani. Anasema bado kinyaa kinampanda kila ndoo ikipita. Lakini ndoo ikiondoka, yeye na Miss Eudora wanafunga kibanda, wanakaa chini, na kula sufuria waliyoificha, ile nzuri.

Njenga atakupa simu ndogo. Hiyo ni yako peke yako, usimwonyeshe mtu. Peninah atakupigia Jumapili baada ya kanisa. Ameogopa siku hii kwa muda mrefu, kwa sababu anakujua, na anajijua. Ukimwambia arudi, atarudi. Atapanda ndege ya kwanza kwa ajili yako, na ajenti wa Voi atakuwa amekaa kwako sebuleni na Baba Mdogo, na karatasi mpya mezani. Najua unamkosa. Najua chumba chake bado unakifagia. Nakuomba, Mama, kwa magoti yote mawili, usimwulize anarudi lini. Mwulize amekula nini.

Nisalimie kaka Joram na watoto wake, nao majirani waliokuwa wakikutembelea wakati wengine walipokukwepa. Mungu akutunze mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Jerusha